Nani atalipia hitilafu? Kisa cha rivolva tatu na bajeti moja

Mnunuzi wa kisa hiki ni mzee mstaafu mwenye kibali halali, vidole vilivyoanza kukakamaa na fedha ambazo haziongezeki. Alitaka rivolva moja, yaani bastola yenye silinda inayozunguka na matundu ya risasi, ya kukaa nyumbani ndani ya sefu, itoke tu siku za kwenda uwanja wa shabaha. Bastola ya magazini alikuwa ameshaijaribu. Kila alipotaka kuvuta slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma, ilibidi aikumbatie kifuani, na mtutu ukawa unaangalia asikotaka. Kwa hiyo suala la rivolva au bastola ya magazini lilikuwa limekwisha kabla sijaitwa. Mimi niliitwa kwa ajili ya bei.

Bajeti yake nitaigawa mafungu kumi, maana sarafu zinachanganya na uwiano ndio unaohusika. Mezani kwa muuzaji kulikuwa na silaha tatu. Ya kwanza ilikuwa mpya kabisa, risasi sita za aina ya .38 Special, kutoka kiwanda cha bei nafuu ambacho sitakitaja jina. Ilikula mafungu sita. Ya pili ilikuwa Smith & Wesson Model 10 iliyotumika, iliyouzwa na kampuni ya ulinzi ilipobadilisha silaha zake; mafungu manane. Ya tatu ilikuwa rivolva ndogo ya zamani aina ya Iver Johnson, ile inayovunjwa katikati kwa juu ili kutoa maganda. Mafungu mawili tu, na muuzaji alionekana yuko tayari kuitoa hata kwa moja na nusu.

Mzee aliniuliza swali moja: "Fundi, hii ya bei nafuu itanifia mkononi?"

Ni swali la haki, ila limejengwa juu ya dhana ambayo kwanza niliivunja. Watu husema bei na uhakika kana kwamba ni pande mbili za mzani: ongeza huku, kule kunapungua. Kwenye rivolva mambo hayaendi hivyo. Rivolva ya bei nafuu inaweza kupiga miaka ishirini bila kugoma, na ya bei kubwa ikatoka kiwandani na tundu moja la silinda lisilolingana na mtutu. Bei haikuuzii uhakika. Inakuuzia ukaguzi: saa ambazo mtu fulani alikaa nayo kabla haijafungwa kwenye boksi. Kiwanda kinachouza rahisi mara nyingi hupunguza hapo, kwenye mkono wa fundi wa mwisho, na kazi hiyo unaachiwa wewe. Ukiweza kuifanya, umepata nafuu ya kweli. Usipoweza, hujaokoa chochote. Umeahirisha malipo tu.

Ndiyo maana nilimwambia mzee tusipange silaha hizi kwa bei wala kwa jina. Tuzipange kwa hitilafu: kila moja ina hitilafu gani leo, inaelekea kupata ipi kesho, na nani atalipia. Kuna hitilafu za bei ndogo, kama springi iliyochoka, skrubu iliyolegea au uchafu ulioganda. Zipo pia za bei kubwa, kama mdomo wa nyuma wa mtutu uliopasuka, fremu iliyotanuka kwa risasi kali, au silinda isiyofika mahali pake. Silaha ya mafungu sita yenye hitilafu ya kundi la pili ni ghali kuliko ya mafungu manane yenye hitilafu ya kundi la kwanza.

Iver Johnson tuliimaliza haraka, ingawa inastahili heshima yake. Kiwanda hicho cha Marekani kiliuza rivolva za watu wa kawaida, na ndicho kilichoeneza mwishoni mwa karne ya 19 mbinu ya kipande cha chuma kinachopanda kati ya nyundo na pini inayogonga risasi wakati tu triga inavutwa. Usipovuta triga, nyundo hata ikigongwa haifiki kwenye pini. Tangazo lao maarufu lilimhimiza mnunuzi aigonge nyundo ya silaha kwa nyundo ya kawaida. Wazo hilo hilo kampuni ya Ruger ililiingiza kwenye rivolva zake mwaka 1973, na leo liko kwenye rivolva nyingi. Yaani kinga muhimu kuliko zote katika rivolva ilienezwa na silaha ya bei nafuu. Hata hivyo, nyingi kati ya zile zilizotengenezwa kabla ya 1909 zilikusudiwa baruti nyeusi, latchi zake huchakaa na kuacha mtutu ukicheza, na risasi zake si zile unazozikuta kila rafu. Silaha usiyoweza kuilisha ni pambo. Tuliirudisha kwenye kitambaa chake.

Mpya ilikuwa inang'aa. Kabla ya lolote tulifungua silinda, mimi nikatazama matundu yote sita, mzee akatazama, kisha tukatazama tena. Muuzaji alituruhusu kuvuta triga tupu mara chache. Anayekataa kabisa hilo kwa silaha ya kisasa nina shaka naye, ila kwa heshima lazima uombe kwanza. Nilichotaka kujua ni jambo moja: je, kila tundu linafika mbele ya mtutu na kufungwa kabla nyundo haijafika mwisho?

Namna ya kujua ni rahisi, inataka subira tu. Unaivuta nyundo nyuma kwa dole gumba polepole sana, na kidole cha mkono mwingine unakiegemeza kidogo kwenye silinda ili ipate uzito wa kuizuia. Ndani kuna kidole cha chuma kinachosukuma meno yaliyo nyuma ya silinda, na chini kuna kizuizi kinachoruka kuingia kwenye kijishimo cha pembeni na kuifunga. Mlio wa kizuizi unapaswa kusikika kabla nyundo haijanasa nyuma, au kwa pamoja nayo. Matundu matano ya silaha ile mpya yaliitika vizuri. La sita halikuitika. Nyundo ilinasa, na silinda ilikuwa bado unywele mmoja kabla ya mahali pake. Ukiivuta kwa kasi, mwendo wa silinda wenyewe unaifikisha, na ndiyo maana mtu anayebonyeza harakaharaka dukani hawezi kuliona tatizo hilo.

Maana yake ni nini? Jino moja kati ya sita lilichongwa fupi kidogo kuliko wenzake. Ukipiga risasi, kichwa chake kinaingia mtutuni kikikwaruza ukingo, kinatema vipande vya risasi pembeni kwenye mwanya ulio kati ya silinda na mtutu, na pini inagonga fataki, ile kofia ndogo inayowasha baruti, nje ya kitovu. Mara nyingi italipuka tu. Siku silaha ikiwa na uchafu na silinda imezubaa, haitalipuka, au itampiga aliyesimama pembeni kwa chembe za moto. Na hitilafu hii haipungui kwa matumizi. Kidole cha kusukuma huendelea kulika.

Hapo mzee akakunja uso, akaiona hukumu imeshatoka: cha rahisi ni cha rahisi. Ila muuzaji alikuwa na nyingine ya aina ileile, kutoka boksi hilohilo. Nikaomba nayo. Matundu yote sita yakaitika bila kusita. Mwanya kati ya silinda na mtutu nikaupima kwa vile vibati vyembamba ambavyo mafundi wa magari hupimia plagi: ulikuwa takriban milimita 0.15, sawasawa silinda ilivyozungushwa. Triga yake ilikuwa nzito na yenye mchanga, kama wanavyosema, yaani ilikwaruza badala ya kuteleza, lakini haikuwa na kosa.

Kwa hiyo tulikuwa na silaha mbili zenye bei moja, namba zilizokaribiana na dhamana moja. Moja nisingeitoa dukani hata kwa zawadi, nyingine ningeilalia mlangoni. Mtu akikwambia kampuni fulani inatengeneza rivolva nzuri au mbaya, muulize anazungumzia ipi mkononi. Majina yenyewe yana historia iliyochanganyika kuliko ubishi unavyodai. Taurus ya Brazil ilianzishwa 1939, na katika miaka ya 1970 iliwahi kuwa chini ya mmiliki mmoja na Smith & Wesson, kampuni mama iliyoitwa Bangor Punta; ya nafuu na ya gharama zikala meza moja. Charter Arms ya Marekani, iliyoanza 1964, ilijenga jina kwa rivolva ndogo nyepesi yenye vipande vichache vya ndani, na uchache huo ndio ulioipunguzia bei, hauna aibu yoyote. Armscor ya Ufilipino inauza rivolva ya .38 isiyo na urembo wowote.

Jina linakusaidia kwa jambo moja tu la maana: kufuatilia matangazo ya usalama. Mfano unaojulikana ni rivolva za Rossi za .38 na .357 zilizotengenezwa na Forjas Taurus kati ya 2005 na 2017; lilitoka tangazo kwamba baadhi zinaweza kufyatuka zikianguka. Anayenunua Rossi iliyotumika ya miaka hiyo anapaswa kuilinganisha namba yake na tangazo kabla ya kutoa pesa. Hitilafu ya aina hiyo huioni kwa tochi wala kwa kibati. Unaijua kwa kusoma.

Tukaja kwa Model 10. Hii ni rivolva iliyoanza mwaka 1899 kwa jina la Military & Police, ikapewa namba 10 mwaka 1957, na zimetengenezwa zaidi ya milioni sita. Wingi huo nauthamini kuliko sifa yoyote ya urembo: vipuri vipo, na fundi yeyote anayejua rivolva ameshawahi kuifungua. Ya kwetu ilikuwa na rangi iliyokwanguka kwenye mdomo wa mtutu na kwenye kingo za silinda, alama ya miaka ya kuingizwa na kutolewa kwenye mfuko wa ngozi. Kwa silaha za walinzi hiyo ni habari njema. Silaha inayobebwa kila siku na kupigwa mara mbili kwa mwaka inachakaa nje, ndani inabaki msichana.

Ndani tulikagua hivi. Tochi kupitia mtutu: michirizi mikali, hakuna pete nyeusi. Pete ya namna hiyo humaanisha kichwa cha risasi kiliwahi kukwama na kingine kikapigwa nyuma yake, mtutu ukavimba. Mdomo wa nyuma wa mtutu hasa upande wa chini, ambako chuma huwa chembamba: haukuwa na ufa. Mwanya ulikuwa milimita 0.20 silinda ikisukumwa nyuma na 0.15 ikisukumwa mbele, yaani silinda inacheza milimita 0.05, ambayo kwa silaha ya umri ule ni kidogo. Mwanya ukipita 0.25 huanza kunikosesha raha. Matundu yote sita yaliitika. Kisha nikavuta nyundo hadi mwisho, nikaisukuma mbele kwa dole gumba bila kugusa triga. Ikakataa kuanguka, ishara kwamba hakuna mjuaji aliyepitisha tupa kwenye vipande vya ndani.

Kinga ya kuanguka nayo ina hadithi yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia rivolva ya mtindo huu iliangushwa kwenye sitaha ya meli ya jeshi la majini la Marekani, ikafyatuka na kumwua baharia. Smith & Wesson wakaongeza kizuizi kipya cha nyundo. Yenye namba 10 imetengenezwa baada ya hapo, kwa hiyo kizuizi kinapaswa kuwemo. Ukifungua bamba la pembeni unakiona, na ukikikosa, mtu alikitoa.

Kitu kimoja kilinisumbua. Triga ilikuwa laini mno. Mzee alipoivuta akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, maana kwa vidole vyake ilikuwa raha. Rivolva ya aina hii ikivutwa bila kuinua nyundo kwanza hutaka nguvu ya kilo nne na nusu hadi tano na nusu hivi. Hii ilikuwa chini sana. Nikageuza mpini, na mbele yake, chini, pana skrubu ndogo inayobana springi kuu ya bapa. Inatakiwa ikazwe hadi mwisho. Ilikuwa imelegezwa mizunguko kadhaa. Mlinzi fulani, siku fulani, alichoka na uzito wa triga akaipunguza kwa bisibisi, na nyundo ikawa inagonga kwa unyonge.

Hapa ndipo uzito wa kisa hiki ulipo kwangu, kuliko hata lile jino fupi. Nikiikaza skrubu, silaha itakuwa ya kuaminika na mzee ataivuta kwa taabu. Nikiiacha, ataivuta kwa raha na siku moja fataki itadonolewa tu bila kulipuka. Mzee alisema tuiache katikati. Nilikataa. Skrubu isiyofika mwisho haina kinachoishikilia. Itaendelea kulegea yenyewe kwa mtikisiko. Tulikubaliana tuikaze, na kwamba yeye atazoea kuinua nyundo kwa dole gumba kwanza anapokuwa uwanjani, njia ambayo inaacha triga nyepesi, na pia afanye mazoezi ya kuivuta tupu nyumbani ili kidole kipate nguvu. Kama baada ya hapo bado ingemshinda, basi silaha hiyo haikuwa yake, hata ingekuwa bure. Tulipoikaza aliivuta mara kadhaa, taratibu, akafika mwisho kila mara. Ile mpya nzima, yenye mchanga, ilimshinda mara mbili katikati ya safari.

Aliuliza pia kuhusu .357 Magnum, maana jirani alimwambia .38 ni ya watoto. Jibu langu lilikuwa fupi. Ganda la .357 ni refu kwa milimita tatu na kitu kuliko la .38 Special, na kiwango cha juu cha mgandamizo wake ni karibu mara mbili: 35,000 kwa 17,000, kwa kipimo cha pauni kwa inchi ya mraba. Nguvu hiyo inalipwa na mkono wa mpigaji na pia na fremu. Mtu mwenye bajeti ya kubana na vidole vilivyokakamaa hana sababu ya kuitafuta.

Sasa hesabu. Ile mpya nzima, mafungu sita. Model 10, mafungu manane. Tofauti ya mafungu mawili ni sawa na bei ya risasi 200 hivi, na hapo ndipo wanunuzi wengi wa silaha za nafuu hujidanganya, wakidhani bajeti yote ni ya silaha. Rivolva ambayo haijapigwa ni tetesi. Lazima sehemu ya bajeti iwe ya kuithibitisha.

Kwa nini 200? Kuna kanuni rahisi ya takwimu: ukijaribu kitu mara kadhaa bila kosa hata moja, kiwango cha juu cha makosa unachoweza kukiri kwa uhakika wa asilimia 95 ni takriban tatu ugawanye kwa idadi ya majaribio. Boksi moja la risasi 50 bila kosa linakwambia tu kwamba silaha haigomi zaidi ya mara sita kwa mia. Sita kwa mia ni nyingi mno. Risasi 200 bila kosa zinakushusha hadi moja na nusu kwa mia. Jimbo la California, ambalo hupima bastola maabara kabla ya kuruhusu aina yake iuzwe, hudai risasi 600 zenye makosa yasiyozidi sita, na 20 za kwanza bila kosa lolote, pamoja na kuangushwa kutoka urefu wa mita moja kwenye zege. Mtu wa kawaida hawezi kuchoma risasi 600 kwa ajili ya mtihani, lakini angalau ajue maabara haikuridhika na boksi moja.

Ila rivolva ina jambo ambalo kanuni hiyo haioni. Makosa yake si ya bahati nasibu. Mengi yana anwani. Kama kuna jino fupi, kosa litarudi kwenye tundu lilelile kila mzunguko. Kwa hiyo weka alama kila tundu kwa kalamu ya rangi, moja hadi sita, na risasi ikigoma andika iligoma tundu namba ngapi. Makosa mawili kwenye tundu moja ni habari tofauti kabisa na makosa mawili yaliyotawanyika. La kwanza ni chuma. La pili pengine ni risasi, na ukitaka kujua, itie risasi iliyogoma kwenye tundu jingine uigonge tena. Kabla ya hapo subiri mtutu ukielekea shabaha angalau nusu dakika, maana fataki inaweza kuchelewa kulipuka, na kwenye rivolva ukiharakisha triga risasi hiyo inayochelewa itakuwa imeshasogea kando ya mtutu.

Mapendekezo yangu kwa mzee yalikuwa Model 10 pamoja na risasi 200, bajeti ikaisha kabisa. Sikuwa na furaha kamili. Ile mpya nzima ingemwachia mafungu mawili ya ziada hata baada ya risasi za mtihani, na ilikuwa na dhamana ya kiwanda, kitu ambacho wapenzi wa vitu vya zamani hukidharau bila sababu. Dhamana ndiyo jibu la swali la nani analipia. Lakini dhamana ya silaha ina usumbufu wake: kuisafirisha ni shughuli ya kisheria, na wiki zote ambazo iko njiani huna silaha. Kilichoamua ni triga. Silaha ambayo mwenyewe hawezi kuivuta hadi mwisho ina kasoro ya asilimia mia, hata fundi akiipa alama zote. Tulimwambia muuzaji wazi kuhusu skrubu, hatukuitumia kumpunguzia bei. Akapunguza kidogo kwa sababu ya rangi, na akatupa muda wa kuirudisha kama ingeshindwa uwanjani. Sharti hilo la kurudisha, kwa silaha iliyotumika, nalithamini kuliko punguzo lolote.

Uwanjani mambo yalikwenda vizuri hadi boksi la tatu. Mzee alijaza silinda, akapiga sita, kisha silinda ikakataa kufunguka. Watu husema rivolva haigomi. Kweli, risasi ikigoma unavuta triga tena na tundu jingine linakuja. Lakini rivolva yenyewe ikikwama, mara nyingi haikwamuliwi kwa mikono mitupu. Inataka meza na vifaa, wakati bastola ya magazini ungeivuta slaidi ukaendelea. Anayenunua rivolva kwa ajili ya uhakika anunue akilijua hilo.

Sababu nilikuwa naingojea. Namba iliyopigwa ndani ya fremu, pale mkono wa silinda unapofunguka, ilikuwa 10 bila kistari wala namba nyingine baada yake, yaani ya mwanzoni mwanzoni. Katika hizo, ufito wa kutolea maganda ulifungwa kwa uzi wa kulia, kama wa skrubu ya kawaida, na mitikisiko ya risasi huulegeza. Ukitoka nje kidogo tu, ncha yake inabana mbele na silinda haifunguki. Baadaye kiwanda kiligeuza uzi ukawa wa kushoto. Tuliuingiza ufito kwa subira hadi silinda ikaachia, nyumbani nikausafisha uzi na kuukaza kwa tone la gundi ya skrubu. Gharama yake haifiki bei ya risasi tatu.

Hapo tukabishana. Nilitaka tuanze kuhesabu upya kutoka sifuri. Mzee akasema, "Fundi, sasa unanimalizia risasi." Hoja yake ilikuwa na nguvu: fataki zote zilikuwa zimelipuka, matundu yote yalikuwa safi kwenye karatasi yetu, na kilicholegea kilijulikana na kimekazwa. Nikakubali nusu. Hesabu ya fataki na matundu tuliiendeleza pale ilipoishia. Hesabu ya ufito tuliianza upya, na huo haukuhitaji risasi mpya maalumu. Ulihitaji tu kuguswa kwa vidole kila baada ya boksi, tena kwa muda mrefu ujao.

Zilipoisha zote 200, hakuna fataki iliyogoma. Nilipima mwanya tena: 0.20 nyuma, 0.15 mbele, haujasogea. Skrubu ya springi ilikuwa palepale nilipoiweka, na nimeitia alama ya rangi ili ikizunguka hata kidogo ionekane bila bisibisi. Mzee anataka sasa kuipeleka ikapakwe rangi upya. Nimemwomba asubiri, pesa hiyo inatosha maboksi kadhaa, na kidole chake bado kinatetemeka ikifika risasi ya thelathini. Ile mpya yenye jino fupi muuzaji aliirudisha kiwandani. Pacha wake alinunuliwa na kijana mwenye vidole imara, aliyekuja na vibati vyake mwenyewe vya kupimia mwanya.